Kujifunza Kuamua: Wanafunzi wa Baraza Pande za Uvira, Zamani na Leo

Kila katekista wa kijijini anajua jambo hili: watu wenye shauri hawaendi moja kwa moja kwa tribinali. Wanapita kwanza kwake. Mume na muke wamegombana, ng'ombe za jirani zimeingia katika shamba la mihogo, wavuvi wawili wanavutana juu ya wavu mumoja. Wanakaa chini, wanasema, halafu wananyamaza na kungoja neno lake. Nani alimufundisha kuamua? Na zuzi wa tribinali, yeye alifundishwa na nani? Na avoka anayevaa joho jeusi, aliingia katika kazi yake kwa mulango gani?

Wengi watajibu mara moja: kwa mulango wa universite. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni la juzi tu. Kwa miaka mingi sana, katika inchi ya Uvira na pwani yote ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, mutu alijifunza kuamua kwa kukaa karibu na mwamuzi. Alimusikiliza, alimutumikia, alimuangalia akifaulu na akikosa, na siku moja aliambiwa: sasa sema wewe. Hata leo universite haimufikishi mutu ndani ya nyumba ya sheria. Inamufikisha ukumbini tu. Nyuma yake kuna mulango mwingine, nao ni ule ule wa zamani: kukaa kando ya mukubwa na kujifunza kwake.

Katika kurasa hizi tunataka kufuata historia ya njia hiyo, tokea baraza za wazee mupaka ofisi za maavoka. Na katika safari yetu tutabeba swali moja tu. Kila mwanafunzi anakosea. Hakuna fundi asiyeharibu mbao. Lakini mbao ya mwanafunzi wa sheria ni shauri la mutu. Basi, mwanafunzi anapokosea, nani analipa?

I. Baraza za wazee

Uvira imekaa mahali pembamba, kati ya milima ya Mitumba na maji ya ziwa. Kaskazini kuna uwanda wa Ruzizi. Kusini njia inafuata pwani mupaka Baraka na Fizi. Ng'ambo ya maji, usiku, watu wanaona taa za Bujumbura. Katika inchi hii ndogo wanakutana Wavira, Wafuliru, Wabembe, Warundi na wengine, wachungaji, walimaji na wavuvi. Pahali wanapokutana watu wa namna hiyo, mashauri hayakosi. Wanasheria wa kale walisema kwa Kilatini: Ubi societas, ibi ius. Maana yake, penye watu pana sheria.

Wabembe walikuwa na lubunga. Ni pahali pa wanaume katika kijiji. Hapo walikula pamoja, walipokea wageni, walizungumuza habari za kuwinda, na hapo hapo walikata mashauri. Kijana alipokua alikaa pale pamoja na baba zake. Hakuna mutu aliyemwambia: leo tutasoma sheria ya mahari. Lakini leo alisikia shauri la mahari, kesho alisikia shauri la shamba, kesho kutwa shauri la deni. Baada ya miaka kumi masikio yake yalikuwa yamejaa. Alijua namna muzee fulani anavyomuuliza shahidi, na alijua tena siku ile muzee huyo alipodanganywa na shahidi. Mambo mawili hayo, kufaulu kwa mukubwa na kukosa kwake, hayaandikwi katika kitabu kimoja.

Kwa Wavira na Wafuliru, shauri dogo lilikatwa kijijini, na shauri gumu lilipanda mupaka kwa mwami, ambaye alikaa pamoja na wazee wake. Huko nako vijana waliofuata baba zao barazani walijifunza kwa masikio kabla ya kujifunza kwa mudomo.

Lakini utaratibu unaojulikana zaidi ni ule wa Warundi, ambao wanakaa ng'ambo zote mbili za Ruzizi. Mwamuzi wao anaitwa umushingantahe. Wakiwa wengi, abashingantahe. Neno gushinga maana yake ni kusimika, na intahe ni fimbo ya haki. Basi, umushingantahe ni mutu anayesimika fimbo ya haki. Padri Adrien Ntabona wa Burundi alitumia miaka mingi kuchunguza na kuandika habari zao, na seminari zetu zingefanya vizuri kuyasoma maandiko yake.

Hakuna aliyezaliwa umushingantahe. Hata mutoto wa umushingantahe alipaswa kuingia kwa miguu yake mwenyewe. Mutu mwenye muke na nyumba, akitamani kazi hiyo, alitafuta muzee wa kumusimamia. Tokea siku ile macho ya majirani yalikuwa juu yake. Alihudhuria mashauri, alisikiliza, alitumwa kazi ndogo ndogo, na polepole aliruhusiwa kutoa wazo lake. Mambo hayo yalichukua miaka. Na wazee walikuwa wakichunguza. Anatunza siri? Anakunywa pombe kwa kipimo? Analipa deni lake? Anasema kweli hata kama kweli inamuumiza rafiki yake? Majirani wakileta neno baya juu yake, alirudishwa nyuma. Wote wakikubali, alitayarisha karamu, watu wa mulima wote walialikwa, na mbele yao alitoa ahadi na kupokea fimbo. Tendo hilo linaitwa kwatirwa. Muke wake naye alipata heshima na wajibu siku ile, aliitwa umupfasoni.

Tuangalie vizuri mupango wa mambo hayo. Kwanza walimupima mutu. Pili walimufundisha desturi. Mwisho walimupa fimbo. Gharama ya kujifunza ilikuwa juu ya mwanafunzi mwenyewe: ilikuwa miaka yake, ukimya wake, na jina lake mbele ya jirani zake. Akiwaza vibaya, wazee walimusahihisha pale pale, na shauri halikuharibika, kwa maana fimbo haikuwa bado mukononi mwake. Aliyeleta shauri hakulipa ujinga wa mwanafunzi.

Lakini tusipake asali juu ya mambo ya zamani. Karamu ya kwatirwa ilitaka mali, na mutu mwenye hekima asiye na mali aliweza kubaki inje. Watwa hawakuingizwa. Wanawake walisikilizwa kama washitaki na mashahidi, lakini fimbo haikuwa yao. Tena kulikuwa na mutungi wa pombe ambao watu waliwapa waamuzi kwa kuwashukuru, unaoitwa agatutu k'abagabo. Na kila mutu anajua namna gani shukrani inaweza kugeuka bei, na bei kugeuka rushwa. Njia ilikuwa nzuri. Mulango wake ulikuwa mwembamba kwa wengine bila haki.

Wala tusifikiri kwamba njia hiyo ni ya Waafrika peke yao. Katika Uingereza, mwaka 1292, mufalme Edward wa Kwanza aliamuru mahakimu wachague vijana wa kufuata mahakama na kujifunza humo. Na mupaka leo avoka wa Uingereza hamalizi malezi yake bila kukaa chini ya mukubwa wa kazi. Katika Marekani, Abraham Lincoln hakuingia shule yoyote ya sheria. Alisoma vitabu vya kuazima, akapata ruhusa ya kutetea watu mwaka 1836, na mwaka uliofuata akaanza kazi kando ya avoka aliyemutangulia, John Stuart. Basi, mutu asicheke kijana wa lubunga. Wakubwa wa dunia wamepita njia ya namna ile ile.

II. Karani na buku lake

Wabelgiji walipoweka utawala wao, hawakufuta baraza za wazee. Waliziingiza katika maandiko. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 iliweka sheferi chini ya uangalizi wa Leta. Kisha amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilitengeneza tribinali za wenyeji: tribinali ya sheferi, tribinali ya sekteri, na juu yao tribinali ya teritwari, ambapo mukubwa wa teritwari, Muzungu, alikuwa mwenye kiti. Waamuzi wa desturi waliruhusiwa kufuata desturi zao, kama hazipingani na amri za Leta na utulivu wa watu. Parke iliweza kufuta hukumu iliyoona mbaya.

Kwa macho, jambo halikubadilika sana. Mwami ao mujumbe wake alikuwa katikati, wazee kando, watu chini. Lakini kulikuwa na meza mpya, na juu ya meza kulikuwa na buku, na nyuma ya buku alikaa kijana mwenye kalamu. Huyu ndiye karani.

Buku lilileta mabadiliko makubwa. Zamani hukumu ilikaa katika vichwa vya wale walioisikia. Sasa ilikaa katika karatasi. Majina ya washitaki, maneno ya mashahidi, hukumu, faini, malipo ya tribinali, yote yaliandikwa. Mukubwa wa teritwari alipofika kuangalia kazi, hakuwauliza wazee wanakumbuka nini. Alifungua buku. Kwake yeye, jambo lisiloandikwa halikutendeka, na jambo lililoandikwa vibaya lilitendeka vibaya. Na kati ya wazee wengi hakuna aliyeweza kusoma ni nini kimeandikwa juu ya alama yake.

Hivi karani akawa mwanafunzi mupya wa baraza. Hakuna aliyemwita mwanafunzi. Aliitwa tu wa kuandika. Lakini alikaa pale kila siku, mwaka kwa mwaka. Alisikia desturi toka kwa wazee, na alisikia amri za Leta toka kwa mukubwa wa teritwari. Alijua ni hukumu gani itapita na ni ipi itafutwa. Mara nyingi alikuwa mutu pekee katika baraza aliyejua sheria mbili, ile ya mudomo na ile ya karatasi. Wazee wenyewe walianza kumuuliza kabla ya kuamua: tukisema hivi, Bwana atakubali? Siku walipouliza neno hilo mara ya kwanza, fimbo ilianza kuhama mukono.

Makarani walitoka katika shule, na shule wakati ule karibu zote zilikuwa za misioni. Ng'ambo ya Ruzizi, kule Ruanda-Urundi, Ndugu wa Upendo walianzishiwa shule kubwa ya Astrida mwaka 1929, nayo ililea makarani na wasaidizi wa utawala kwa miaka mingi. Katika Kongo, wengine kati ya makarani walikuwa vijana waliopita seminari ndogo na kutoka. Walijua kuandika barua bila kosa, kuhesabu, kupanga karatasi. Hayo ndiyo waliyopimwa.

Na hapa ndipo mupango wa zamani uligeuzwa kichwa chini. Umushingantahe alipimwa moyo kwanza, na sheria ikafuata. Karani alipimwa mwandiko. Hakuna aliyewauliza majirani zake kama analipa deni ao kama anatunza siri. Tena hakulipa yeye gharama ya kujifunza. Karani akikosa kuandika neno moja la shahidi, mushitaki ndiye aliyepoteza ng'ombe. Akichelewesha karatasi mupaka apewe kuku, kuku alitoka katika nyumba ya mujane. Hatusemi kwamba makarani wote walikuwa wabaya. Walikuwako wengi waaminifu, waliofanya kazi kwa mushahara mudogo, na bila kalamu yao hukumu nyingi za babu zetu zingepotea kabisa. Tunasema tu kwamba waliwekwa karibu na mambo ya watu bila kulelewa kwa kazi hiyo.

Tena wao wenyewe walidhulumiwa. Mwaka 1933, kule Elisabethville, lilianzishwa gazeti la wanasheria, Bulletin des juridictions indigènes et du droit coutumier congolais, kwa kazi kubwa ya hakimu Antoine Sohier. Ndani yake wasomi walichapisha hukumu za tribinali za wenyeji na kuzieleza. Ni kazi nzuri, na mupaka leo inasaidia wanaochunguza desturi. Lakini hukumu zile zilitoka katika mabuku ya makarani. Kisima kilichimbwa na karani, na wengine walikunywa maji. Kutoka meza ya karani mupaka kiti cha hakimu wa sheria ya kuandikwa, hakukuwa na ngazi hata moja. Karani aliyejua tribinali yake kama mufuko wa nguo yake alibaki karani mupaka uzee.

III. Mwaka 1960

Universite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, karibu sana na mwisho wa ukoloni. Mwanafunzi wa Kongo aliyetaka kusoma sheria mbele ya wakati ule alipaswa kushinda vizuizi vingi. Mufano mukubwa ni Marcel Lihau, aliyezaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Équateur. Alipitia seminari ya Bolongo, akaendelea na masomo, akafaulu kuingia universite ya Louvain katika Ubelgiji kusoma sheria. Mwaka 1968 akawa mwenye kiti wa kwanza wa Mahakama Kuu ya inchi yetu. Lakini Lihau mumoja hawezi kujaza viti vyote vya inchi pana kama Kongo.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, hakukuwa na Mukongomani hata mumoja katika safu ya mahakimu wa kazi. Mwezi wa Julai askari waliasi, na mahakimu wa Kibelgiji wengi wakaondoka kwa haraka. Ofisi zilibaki wazi, mafaili mezani, wafungwa katika gereza wakingoja siku yao. Nani aketi katika viti vile? Jibu lilikuwa moja tu: yule aliyekuwa ameketi chini yake. Makarani waliitwa kupanda juu.

Tufikiri kidogo juu ya mutu wa namna hiyo. Kwa miaka kumi na zaidi ameandika kila neno la hakimu. Anajua namna ya kufungua kikao, anajua vifungu vinavyotumiwa kila siku, anajua hata hasira za hakimu. Lakini hakuna siku hata moja aliyoulizwa: na wewe unawaza nini? Alikuwa na masikio ya mwanafunzi, lakini hakupata mwalimu. Kujifunza kwa kukaa karibu si kukaa tu. Kijana wa wazee alikuwa na mutu aliyejua kwamba anamulea. Karani alikuwa na mutu aliyemutumia tu. Pamoja na hayo, wengi walisimama imara, na kama haki haikufa kabisa katika miaka ile, tunapaswa kuwashukuru.

Umoja wa Mataifa ulileta wanasheria toka Haiti na inchi nyingine kusaidia. Mwaka 1961 ikaanzishwa kule Léopoldville shule ya taifa ya sheria na utawala, inayojulikana kwa jina la ENDA. Kazi yake ilikuwa kuunganisha vitu viwili: masomo ya darasani, na wakati wa kukaa katika ofisi na mahakama kujifunza kazi yenyewe. Humo walitoka mahakimu wengi wa kwanza wa Kongo. Shule hiyo iliendelea mupaka mageuzi ya universite ya mwaka 1971.

Pwani yetu haikupata nafasi ya kufaidi haraka. Mwaka 1964 uasi uliingia Uvira, na vita ikashuka pwani mupaka Baraka na Fizi. Tribinali ya karatasi inaweza kufungwa kwa siku moja: karani anakimbia, buku linaungua, mulango unafungwa. Lakini watu waliokimbilia milimani hawakuacha kuwa na mashauri, na katika vita wazee ndio waliobaki karibu nao.

IV. Avoka, staji yake, na shauri la maskini

Baada ya vita, sheria ilianza kupangwa upya. Amri ya tarehe 10 Julai 1968 ilitengeneza chama cha maavoka. Amri nyingine, ya tarehe 28 Septemba 1979, iliichukua nafasi yake, nayo ilipanga makundi mawili yanayojulikana na watu wetu. Kundi la kwanza ni maavoka, wanaoandikwa kwa mahakama ya rufaa. Kwa watu wa Uvira, mahakama hiyo iliwekwa Bukavu, safari ya zaidi ya kilomita mia moja. Kundi la pili ni wateteaji wa tribinali, ambao watu wanawaita madifenseri. Hao wanasimama karibu zaidi na watu wa kawaida, kwa maana wameandikwa kwa tribinali kubwa za mahali.

Na hapa tunarudia jambo letu. Amri ya 1979 haikubali kwamba kijana mwenye diploma ya sheria atoke universite asubuhi na kuwa avoka kamili jioni. Inamutaka afanye staji ya miaka miwili chini ya avoka mukubwa. Anafanya kazi katika ofisi yake, anahudhuria vikao vya mahakama, anajifunza kuandika maombi, anasikia namna mukubwa anavyosema na mutu mwenye shauri. Baada ya karne ya karatasi, kijana wa lubunga amerudi. Amevaa joho tu.

Jambo hilo ni jema, na tunalifurahia. Lakini kuna jambo moja ndani yake linalotaka macho yetu. Mutu asiye na feza akishitakiwa, chama cha maavoka kina wajibu wa kumupa mutetezi bila malipo. Wanasheria wanaita kazi hiyo pro deo. Kila mufratri anajua Kilatini hicho: kwa ajili ya Mungu. Na shauri la pro deo, kwa desturi, linapewa nani? Mara nyingi sana linapewa kijana wa staji. Mutu mwenye feza anatetewa na mukubwa. Maskini anatetewa na mwanafunzi.

Tusimuhukumu kijana wa staji. Mara nyingi ana moyo kuliko mukubwa wake, anatembea kwa miguu, analipa nakala za karatasi kwa feza yake. Lakini turudie swali tulilolibeba tokea mwanzo: akikosea, nani analipa? Anayelipa ni yule aliye gerezani. Wazee wa zamani waliweka gharama ya kujifunza juu ya mwanafunzi. Karani aliiweka juu ya mushitaki. Sisi leo, bila kupenda na bila kutazama, tunaiweka juu ya maskini, tena tunaiita kwa jina la Mungu.

Mutakatifu Ivo, padri wa Bretagne katika Ufaransa, aliyekufa mwaka 1303, anaitwa mutetezi wa maskini. Lakini Ivo hakujifunzia kazi yake juu ya maskini. Alikuwa amesoma sheria Paris na Orléans, na alikuwa mwamuzi wa mahakama ya askofu. Aliposimama kwa ajili ya mujane, mujane alipata avoka mukubwa katika inchi ile. Hiyo ndiyo maana kamili ya pro deo: kumupa Mungu kilicho bora, si kile kinachobaki.

V. Fundisho kwa siku zetu

Mutu anaweza kusema: basi turudie wazee, tuache universite. Hapana. Mutu aliyekaa karibu na muzee miaka ishirini bila kusoma kitabu atajua desturi ya mulima wake tu. Siku atakapokutana na mutu wa mulima mwingine, atamuhukumu kama mugeni. Pwani yetu ina watu wa milima mingi. Tena desturi zetu ziliwafunga midomo wengi, na sheria ya kuandikwa ndiyo iliyowafungulia. Mujane ambaye ndugu za mume wake wanamunyanganya shamba anahitaji kitabu cha sheria. Musingi wa yote ni ule tunaoufundisha katika somo la sheria: Nemo dat quod non habet, hakuna anayetoa asichokuwa nacho. Asiyekuwa na elimu hatatoa haki. Na asiyelelewa hataitoa vilevile.

Sheria zetu zenyewe zinaonyesha namna ya kuunganisha. Amri ya tarehe 31 Machi 1982 juu ya mahakama ilipanga kwamba, katika tribinali ya amani, shauri la desturi lisikatwe na hakimu wa diploma peke yake. Wazee wenye kujua desturi waketi pamoja naye. Tazameni benchi hilo: kijana mwenye kitabu katikati, wazee wenye kumbukumbu kando. Kijana anawafundisha wazee sheria, wazee wanamufundisha kijana watu. Huko Burundi nako, mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalitaka ubushingantahe urudishiwe nafasi yake.

Tukikusanya yote, historia hii inatuachia mambo matatu. Kwanza, mutu apimwe kabla ya kupewa fimbo, na wapimaji wasiwe walimu tu bali majirani pia. Pili, mwanafunzi asiachwe peke yake na shauri la mutu. Avoka mukubwa anayemupa kijana wa staji shauri la pro deo aketi naye siku ya kikao, kama vile muzee alivyoketi na yule anayejaribu kusema mara ya kwanza. Hilo halitaki amri mpya wala feza nyingi; linataka saa mbili za mukubwa. Tatu, mulango usiwe wa wenye mali peke yao. Zamani karamu iliwazuia maskini. Leo kijana wa staji anakaa miaka miwili karibu bila mushahara, na mutoto wa muvuvi wa Makobola atakula nini wakati huo? Tusipojibu, mahakama zetu zitajaa watoto wa wakubwa tu, ambao hawajawahi kulala bila chakula, na ambao wataamua mashauri ya wale wanaolala hivyo kila siku.

Na ninyi makatekista, msifikiri kwamba maneno haya ni ya maavoka wa Bukavu tu. Baraza ya kwanza ni ile ya mulangoni pako. Wakija wawili, usiamue juu ya maneno ya yule aliyefika mapema: Audi alteram partem, sikia na wa pili. Na usiketi peke yako. Watu wetu wanasema: samaki mukunje angali mubichi. Katika parokia nyingi kuna kamati ya Haki na Amani, na mara nyingi humo wanaketi wazee tu. Wekeni kando yao kijana mumoja wa kiume na mumoja wa kike, wasikilize mwaka muzima bila kusema neno. Mwaka wa pili waulizwe wanawaza nini, na wakikosea wasahihishwe pale pale, mbele ya wazee, shauri la mutu likingali mukononi mwa wakubwa.